Pasi ya Mama Wangui

Landhi ya Relwe, Nakuru

Jumapili, 27 Novemba 1955

Daftari hili lilikuwa la vipimo vya nguo. Kurasa za mbele zimejaa mabega na viuno vya watu. Kuanzia leo kurasa za nyuma ni zangu.

Mwinjilisti Kisienya alitusema kanisani. "Kila mwaka Krismasi inatukuta tumechoka," alisema. "Tumefua, tumepika, tumeshona, na Yeye aliyezaliwa hatuna hata dakika ya kumtazama." Aliposema tumeshona nilitazama viatu vyangu. Nina marinda kumi na tisa ya kumaliza kabla ya sikukuu, na vitambaa vimejaa mpaka juu ya kitanda. Mume wangu Makokha hulala kando ya ukuta kama mgeni.

Nimeahidi mbele ya Mungu kwamba mwaka huu kila asubuhi nitakaa nusu saa na Maandiko kabla sijagusa cherehani.

Na jambo lingine, ambalo nimemwambia Makokha peke yake. Miaka sita nimeongoza mchezo wa Krismasi kanisani kwetu, na miaka sita nimekuwa Mariamu, nikibeba mtoto wa vitambaa. Mwaka huu nimetunga wimbo mwenyewe, wa Mariamu akimbembeleza Mtoto. Ulinijia nikipiga pindo. Makokha aliusikiliza, akavua kofia yake ya kazi.

Jumatatu, 28 Novemba

Nimeomba nusu saa. Marinda mawili yamekwisha. Upepo umetuletea vumbi jeupe la ziwani, nikafunga dirisha.

Jumatano, 30 Novemba

Amekuja mwanamke mgeni kwenye mazoezi. Anaitwa Wariara, ni yaya katika shamba la maziwa upande wa Lanet. Mume wake aliangukiwa na gogo kwenye kiwanda cha mbao huko Elburgon, akafa kabla hajamwona mtoto wake. Mtoto ana miezi mitano, ni msichana, Wangui. Kwa sababu ya hii Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali, Mkikuyu hawezi kutoka shambani bila karatasi ya pasi yenye muhuri, na yake inamruhusu Jumatano na Jumamosi tu, mchana.

Nilimkaribisha vizuri. Nilimpa kiti changu. Nasema hivi ili ijulikane nilianza vizuri.

Kisha tukaanza kuimba, na wanawake wa pande zote mbili za kwaya wakanyamaza mmoja mmoja ili wamsikie.

Jumamosi, 3 Desemba

Mwinjilisti ameniita kando baada ya mazoezi.

"Dada Milcah," akasema, "nimefikiria. Mwaka huu Mariamu awe Mama Wangui."

"Amekuja juzi," nikasema.

"Najua. Lakini ana sauti, na ana mtoto mchanga wa kweli. Watu wataelewa. Wewe utatuongoza sote, kama kawaida."

"Na wimbo wangu?"

"Mfundishe."

Alisema neno hilo kwa upole sana, nami nikajibu, "Sawa, Mwinjilisti." Nimerudi nyumbani nikapasua vibaya kitambaa cha mke wa karani wa stesheni. Makokha aliuliza kuna nini. Nikamwambia mkasi umekufa makali.

Hapa landhi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, kila mwanamke ni Mama fulani. Jirani yangu Chelagat ana watoto wanne na bado wanamwita kwa majina ya wote, akitaka. Mimi ni miaka kumi na moja tangu nifunge ndoa, na wananiita Mama Cherehani. Hawana ubaya. Mimi huitika. Lakini leo nilimwona Wariara akimfunga mtoto mgongoni bila hata kutazama, mikono yake ikijua yenyewe, na nikasikia kitu kikinipanda kooni kama nyongo.

Jumapili, 4 Desemba

Nimeomba. Sijui niliomba nini.

Jumatano, 7 Desemba

Nimemfundisha wimbo wangu. Aliushika mara moja. Mahali ninapopandisha sauti, yeye huishusha, na ni kweli, pale inafaa ishuke. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Nilimwambia, "Hapana, imba kama nilivyotunga," naye akasema, "Pole, dada," akaimba kama nilivyotunga, na wote waliokuwapo wakasikia kwamba ilikuwa mbaya zaidi.

Makokha alinipitia akitoka karakana. Mikono yake ilikuwa na mafuta ya injini. Aliifuta kwenye suruali, akaiosha kwenye ndoo ya kanisa, akaifuta tena, ndipo akaomba ambebe mtoto. Nilikuwa sijui kwamba anajua kubeba mtoto. Wangui alimshika pua. Makokha akacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia nyumbani mwangu.

Njiani akasema, "Mtoto mzuri."

Nikasema, "Watoto wote ni wazuri wakiwa wa watu."



Ijumaa, 9 Desemba

Marinda kumi na mawili yamekwisha. Sala, hapana.

Jumamosi, 10 Desemba

Chelagat ameingia kuchukua gauni lake, akaniambia mji mzima wa landhi unaongea juu ya sauti ya yule Mkikuyu. "Hata Waislamu wa Bondeni wanasema watakuja kusikiza," akasema. "Wewe umemfundisha vizuri, Mama Cherehani."

Nikamwambia gauni halijawa tayari. Lilikuwa tayari. Lilikuwa limekunjwa chini ya kiwiko changu.

Jumatatu, 12 Desemba

Joto. Nimeshona toka alfajiri. Maandiko yako chini ya vitambaa, na sikuyafukua.

Alhamisi, 15 Desemba

Leo mchana Arap Sang, dereva wa lori la maziwa la shamba lile, alisimama mlangoni na bahasha. Pasi ya Wariara inaisha Jumamosi hii. Memsahibu wake ameandika barua kuombea nyingine ya wiki ya Krismasi. Barua apewe Mwinjilisti, aipeleke ofisini kwa Bwana Shauri, afisa wa wilaya, ipigwe muhuri, na Arap Sang aichukue Ijumaa ya tarehe ishirini na tatu.

"Kanisa iko mbali na njia yangu," Arap Sang akasema. "Mama Wangui alisema nipatie wewe. Alisema, dada Milcah hawezi kusahau."

Nimeiweka ndani ya droo ya cherehani, pamoja na vifungo. Nitaipeleka kesho.

Ijumaa, 16 Desemba

Sikupata nafasi.

Jumamosi, 17 Desemba

Mazoezi. Wariara aliniuliza polepole, "Dada, ulipata barua?" Nikasema, "Nimeipata." Hilo lilikuwa kweli. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili na kushukuru. Mikono yake ina ukavu wa sabuni kama mikono yangu.

Kisha aliimba. Wazee waliokuwa wanapaka chokaa nje waliacha kazi na kusimama mlangoni na brashi zao. Hakuna aliyekumbuka kusema wimbo ni wa nani.

Jumatatu, 19 Desemba

Ofisi ya Bwana Shauri iko wazi mpaka saa kumi. Nilipita mbele yake nikipeleka nguo. Bahasha nilikuwa nayo kwenye kikapu. Nilipita nikienda, nikapita nikirudi.

Jumanne, 20 Desemba

Marinda kumi na saba.

Jumatano, 21 Desemba

Hakuja mazoezini, kwa kuwa pasi imeisha. Mwinjilisti alisema ana hakika memsahibu ndiye anayeshughulikia mambo ya karatasi. Hakuniuliza, kwa sababu hajui kwamba mimi nina cha kuulizwa. Niliimba nafasi yake ili wengine wafanye mazoezi, na nilipandisha sauti palepale, kama nilivyotunga.

Nataka niandike ukweli mara moja hapa, hata kama ni kwenye karatasi tu. Sikusahau. Nafikiri hivi: asipopata pasi atabaki shambani, atakula Krismasi yake huko na hakuna atakayeumia, na mimi nitakuwa Mariamu. Wiki moja tu. Baada ya hapo aimbe mwaka mzima.

Ijumaa, 23 Desemba

Arap Sang amekuja. Injini ya lori ilikuwa inanguruma, hakushuka.

"Karatasi?" akauliza.

Ningeweza kusema haijapigwa muhuri. Ningeweza kusema nilisahau. Lakini Chelagat alikuwa amesimama mlangoni kwake na beseni, akisikiliza, nami nikaona aibu, na mdomo wangu ukasema, "Mwambie iko tayari. Iko kwa Mwinjilisti kanisani."

"Sasa atapitaje kizuizi ya barabara?"

"Mwinjilisti ameongea nao," nikasema.

Akainua kidole gumba, akaondoka. Sikuwa nimepanga uongo huo. Ulitoka mmoja ukauvuta wa pili. Nimekaa hapa nikijiambia kwamba ataogopa, hatakuja bila karatasi mkononi. Mkikuyu gani siku hizi hutembea bila karatasi mkononi?

Yule aliyeambiwa na dada yake wa kanisa kwamba mambo yako sawa. Huyo hutembea.

Jumamosi, 24 Desemba

Nitaandika yote.

Mazoezi ya mwisho yalikuwa saa tisa. Saa tisa na nusu Wariara alikuwa hajafika. Mwinjilisti akasema, "Dada Milcah, simama wewe." Wakanivika kitambaa cha buluu, wakanipa mtoto wa vitambaa. Niliimba. Kwa muda wa wimbo ule nilifurahi, na sitadanganya kuhusu hilo. Watu walinitazama.

Tulikuwa hatujamaliza Arap Sang alipoingia bila kuvua kofia.

"Wamemshika Mama Wangui," akasema. "Pale kizuizini. Alikuwa anakuja na miguu. Amewaambia karatasi yake iko kwa Mwinjilisti, wakamcheka. Wamemweka ndani ya ua wa waya na wengine. Na mtoto."

Mwinjilisti akasema, "Kwangu? Mimi sijapewa karatasi."

Arap Sang hakuninyooshea kidole. Alinitazama tu, na kwa kuwa alinitazama, wote wakanitazama. Nilikuwa bado nimeshika mtoto wa vitambaa.

"Dada Milcah," Mwinjilisti akasema, "ulipewa?"

"Nilipewa."

"Lini?"

"Tarehe kumi na tano."

"Iko wapi?"

"Kwenye droo ya cherehani."

Nilingoja anipigie kelele. Aliketi kwenye benchi kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba. Kisha akasema, "Kaichukue. Kimbia." Nikakimbia na kitambaa cha buluu kikiwa bado kichwani.

Tulifika ofisini pamoja. Imefungwa toka saa sita, na kwa kuwa Krismasi ni Jumapili, haitafunguliwa mpaka Jumatano. Tukaenda kule kwenye waya. Askari wa mlangoni alisoma barua ya memsahibu, akaigeuza nyuma na mbele. "Haina muhuri," akasema. "Bila muhuri hii ni karatasi ya kufungia sukari." Mwinjilisti akamsihi. Askari akasema hata yeye hana mamlaka. Walio ndani wameandikwa majina, na wiki ijayo wasio na pasi watapakiwa kwenye treni, warudishwe rizavu, maeneo waliyotengewa Wakikuyu.

"Ana kazi hapa," Mwinjilisti akasema. "Ana mwajiri."

"Basi mwajiri aje Jumatano."

Ndani kulikuwa na watu kama thelathini, wamekaa chini kwenye vumbi. Sikumwona Wariara. Sikutafuta sana.

Makokha nilimwambia mwenyewe kabla Chelagat hajamwambia. Alikuwa anakula. Alisukuma sahani mbele, taratibu.

"Kwa sababu ya kuimba?" akasema.

"Na kwa sababu ya mtoto," nikasema. "Ulivyocheka siku ile."

Akanawa mikono. "Milcah, mimi sijawahi kukuuliza habari ya mtoto. Hata siku moja."

"Najua. Ningependa ungeniuliza."

Akainuka akatoka nje, akakaa kwenye ngazi. Nami naandika.

Jumapili, 25 Desemba

Sikwenda kanisani. Nilipika uji sufuria nzima na kuubeba kule kwenye waya. Kengele ya kanisa ililia nikiwa njiani, na watu wamevaa nguo nilizozishona walikuwa wanapita upande wa pili. Niliyatambua marinda yote kumi na tisa.

Askari wa leo alikuwa mwingine, mpole kidogo. Alinikubalia nisimame karibu. Wariara alikuja amembeba Wangui mbele, kifuani, amemfunika na leso yake mwenyewe. Mtoto alikuwa anakohoa. Walilala chini.

"Dada," Wariara akasema, na uso wake ukafunguka. Alikuwa bado hajui. Alifikiri nimemfuata kwa upendo. "Waambie. Waambie karatasi iko kwa Mwinjilisti."

Nikamwambia. Nilimwambia ilikokuwa, na siku ngapi, na niliyomwambia Arap Sang. Aliniangalia kama mtu anayesikiliza lugha asiyoijua vizuri.

"Nilikukosea nini?" akauliza.

"Hukunikosea."

"Sasa kwa nini?"

"Wimbo," nikasema. "Ulikuwa wangu. Na wewe una mtoto, na mimi sina."

Akacheka, kicheko kikavu, kimoja. "Wimbo ungeniambia tu, ningekurudishia. Na huyu?" Akamkaza mtoto kifuani. "Huyu ulitaka nikurudishie?"

Nikasema, "Nipe basi nimpeleke nyumbani alale pazuri, mpaka Jumatano. Anakohoa."

"Mtoto wangu hatoki mkononi mwangu kwenda mkononi mwako," akasema. Hakupandisha sauti. "Weka uji hapo. Kuna wazee hapa hawajakula toka jana."

Niliweka uji. Ulikwisha kabla ya kufika nusu ya watu. Nilirudi nyumbani, na Chelagat, ambaye jana alinipa mgongo, akanikuta nikipuliza moto. Alileta unga wake na sufuria kubwa ya harusi, tukabeba pamoja, tukarudi, tukabeba tena. Mara tatu. Nguo yangu ya Krismasi ilikuwa imelowa uji na majivu.

Safari ya tatu, mzee mmoja ndani ya waya akauliza kama ni kweli leo ni Krismasi. Nikamwambia ni kweli. Akasema, "Basi tuombee, mama, wewe uko nje." Mwezi mzima nilikuwa sijaomba kitu cha kweli, na sasa sikujua pa kuanzia.

Wariara ndiye aliyeomba, kwa Kikikuyu kwanza, kisha kwa Kiswahili ili na askari asikie. Alimshukuru Mungu kwa kuzaliwa mahali ambapo watu hawakuwa na nafasi. Aliwaombea wenye homa, na waliotengwa na watoto wao, na askari aliye mbali na kwao siku ya sikukuu. Askari alitazama chini. Mimi hakunitaja, kwa uzuri wala kwa ubaya.

Jumatatu, 26 Desemba

Uji. Dawa ya kikohozi kutoka kwa mke wa Mwinjilisti. Wariara aliipokea.

Jumanne, 27 Desemba

Uji. Makokha alibeba sufuria.

Jumatano, 28 Desemba

Tulikuwa mlangoni mwa ofisi kabla haijafunguliwa. Mwinjilisti alitaka aongee yeye. Nikasema hapana, niache.

Bwana Shauri ni kijana mwekundu mwenye Kiswahili cha shuleni. Jina la Wariara lilikuwa tayari kwenye orodha ya treni ya kesho. Nilimwambia kwamba barua iliandikwa kwa wakati wake, na mimi niliificha.

"Kwa nini uliificha?"

"Nilimwonea wivu, Bwana. Alipewa kuimba nafasi yangu."

Alinitazama, akamtazama karani, kama mtu anayengoja kuambiwa ni mzaha. Kisha akapiga meza. Alisema anaweza kunifunga kwa kuchezea barua ya serikali. Nilisema, "Ndiyo, Bwana." Alisema anao watu mia wa kupanga leo na hana muda wa ugomvi wa wanawake wa kanisa. Nilisema, "Ndiyo, Bwana." Memsahibu wa Lanet aliingia wakati huohuo, akiwa na hasira yake, na hasira mbili za Wazungu zilikutana juu ya kichwa changu. Mwisho wake, karani alichukua rula, akapiga mstari juu ya jina la Wariara. Muhuri ukagonga karatasi. Kazi ya kufumba na kufumbua. Siku kumi na tatu niliinyima barua ile muhuri huo.

Wariara alipotolewa alipita karibu nami. Wangui alikuwa amelala, anapumua vizuri. Wakapanda gari la memsahibu. Hakugeuza shingo.

Jumapili, 1 Januari 1956

Nimesimama mbele ya kanisa na kusema yote, hata ile furaha ya kuimba na kitambaa cha buluu. Mwinjilisti amenitoa kwenye kwaya mpaka Pasaka. Ni haki. Wanawake wawili walilia. Wengine walinitazama kama wanavyotazama mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza.

Makokha alinishika mkono kutoka kanisani mpaka nyumbani, mbele ya watu. Hatufanyi hivyo kwa kawaida.

Alhamisi, 5 Januari

Nusu saa ya sala. Sina nguo za kushona. Watu hawaleti.

Jumapili, 8 Januari

Wariara hakuja. Ukame. Ng'ombe wanashushwa mpaka mtoni.

Jumapili, 15 Januari

Nilikaa nyuma kabisa, benchi la karibu na mlango, peke yangu. Hivyo ndivyo ninavyokaa sasa.

Wariara alikuja amechelewa, na pasi yake mpya, inayoruhusu hata Jumapili, imebanwa na pini kwenye kifua cha gauni ili kila mtu aione. Walimpungia mkono kutoka mbele, kwenye kwaya, walikuwa wamemwekea nafasi. Aliimba nao nyimbo mbili. Naungama kwamba sauti ile ilipopanda, kile kitu kilinipanda kooni tena, kama siku ya kwanza. Nilidhani kimekufa. Hakijafa. Nilimtajia Mungu kitu hicho palepale, kwa jina lake, wivu, bila kukipamba, na hiyo ndiyo sala ya kweli ya kwanza niliyoomba tangu Novemba.

Wakati wa mahubiri mtoto alianza kulia. Wariara alitoka mbele na kuja naye nyuma, karibu na mlango, penye hewa. Mabenchi mengine yalikuwa yamejaa. Alisimama kando yangu akimtikisatikisa, akitazama mbele, uso wake umefungwa. Nilifikiri ataenda kusimama nje kwenye jua.

"Sogea," akasema.

Nikasogea.